Boti ya Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Msafara Mmoja kwenye Mfereji wa Bourgogne

Mwingereza aliingia na boti yake Venarey-les-Laumes, mji wa kando ya mfereji wa Bourgogne huko Ufaransa, saa moja na robo jioni. Sisi wa boti tatu za mbele tulikuwa tumefunga kamba tangu saa kumi. Nyama ilikwisha chomwa, na sahani mbili tulizowawekea yeye na mkewe zilikuwa zimefunikwa kwa foili. Alifunga boti peke yake, mkewe akachomeka waya wa umeme, wakazima injini, wakajifungia ndani. Mezani hawakuja. Asubuhi saa mbili na nusu nilipotoka kutazama hali ya hewa, nafasi yao gatini ilikuwa tupu.

Hakuna aliyemtukana mwenzake, wala hakuna boti iliyogongwa. Watu waliofahamiana miaka mingi walikuwa wamefika mahali pa kuondoka bila kuagana, na safari ilikuwa na siku sita tu. Tangu hapo nimekisikia kisa hiki kikisimuliwa mara kadhaa, na kila mara husimuliwa kama habari ya tabia za watu: Mwingereza mwepesi wa kununa, Mholanzi anapenda kuongoza, Mbelgiji hasikilizi. Mimi nasema kilikuwa kisa cha vipimo vya boti.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi bandarini Rotterdam. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu ambaye yeye na mkewe hukaa majini miezi minne kila mwaka. Namwita mzee, naye amekwisha zoea kuitika. Mwaka ule bega lake lilikuwa limepasuliwa na hawezi kurusha kamba, kwa hiyo nikachukua likizo ya wiki nne nikawa baharia wake wa bure. Walikuwa wamepatana na jamaa zao watatu, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza, kila boti na mke na mume wake, kwamba wavuke Bourgogne pamoja: kutoka Migennes kwenye mto Yonne hadi Saint-Jean-de-Losne kwenye mto Saône.

Ni mfereji wa kilomita 242 wenye malango ya maji 189, uliofunguliwa wote mwaka 1832. Kwa asiyewahi kuona lango la maji: ni kisima kirefu cha mawe kilichojengwa ndani ya mfereji, kina milango huku na huku. Unaingia chini, mlango unafungwa nyuma yako, vilango vidogo vya mbele vinafunguliwa, maji yanashuka kutoka juu na kuinua boti yako polepole mpaka usawa wa pili. Kisha unatoka na kwenda kwenye kisima kinachofuata. Kutoka Yonne unapanda hivyo malango 113, karibu mita 300, mpaka kilele cha Pouilly-en-Auxois kilicho mita 378 juu ya usawa wa bahari. Halafu unashuka mengine 76. Kwetu Tanga nahodha hungoja maji yajae ndipo atoke. Kule unafunguliwa maji yako mwenyewe, na ndiyo maana kila tone lina hesabu.

Sasa vipimo. Kisima cha Bourgogne kina urefu wa mita 39 na upana wa mita 5.20, kipimo kilichowekwa na waziri Charles de Freycinet mwaka 1879 ili tishari za mizigo za mita 38.50 zipite mifereji mikuu yote ya Ufaransa. Boti ya mzee ina mita 11.8. Ya Wajerumani, ya plastiki, ina mita 8.6 na upana wa 2.5. Ya Wabelgiji ni jahazi la zamani la mizigo la Kiholanzi, chuma kitupu, mita 14.9. Ya Waingereza ni ile aina yao nyembamba kama mtumbwi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mifereji ya kwao: upana mita 2.08, urefu mita 17.4.

Jumlisha tatu za kwanza: 35.3. Zinaingia kisimani zikifuatana, na nafasi kidogo ya fenda, yaani mito ya kukinga boti zisigongane, inabaki. Ongeza Mwingereza: 52.7. Haiwezekani. Utasema basi zipangwe ubavu kwa ubavu, maana boti ya Mwingereza ni nyembamba. Kweli, ya Mjerumani inaweza kukaa kando yake, mita 2.5 na 2.08 ni chini ya tano. Lakini hata hapo zinabaki tatu za kufuatana, 17.4 na 14.9 na 11.8, yaani 44.1. Ukizipanga utakavyo, moja inabaki nje. Hesabu hii ingeweza kufanywa mezani Rotterdam kwa dakika tano. Hakuna aliyeifanya. Majira ya baridi nzima walijadiliana juu ya mvinyo, baiskeli na nani ana friji kubwa.

Matokeo yake yalianza lango la kwanza kabisa. Unapopanda, maji huingia kwa nguvu upande wa mbele, kwa hiyo chombo kizito hutangulia ili kisitupwe huku na huku: Mbelgiji. Mzee akawa wa pili. Mjerumani, mwepesi, akawekwa nyuma ambako maji yametulia. Ni mpangilio sahihi, hata leo ningeupanga vilevile. Tatizo ni kwamba tatu zile ziliingia vizuri mno. Kuanzia pale, bila mtu yeyote kusema neno, Mwingereza akawa boti ya nne, na akabaki boti ya nne kwenye kila lango.

Kuwa wa nne maana yake nini? Wenzako wakishapanda, kisima kimejaa. Lazima kimwagwe chote, uingie, kijazwe tena. Lango ambalo tatu za mbele walilipita kwa robo saa, msafara mzima ulilipita kwa dakika 40. Na maji: kisima kimoja cha kupanda mita 2.6 hivi kinameza zaidi ya mita za ujazo 500, yaani lita nusu milioni, kwa ajili ya boti moja ya watu wawili na mbwa. Maji hayo yanatoka kwenye mabwawa ya huko juu, Grosbois, Panthier, Chazilly, Cercey na mengine, ambayo kiangazi kikavu hayana cha kutoa. Ndiyo sababu VNF, mamlaka ya mifereji ya Ufaransa, ukame ukizidi huagiza boti zipitishwe kwa makundi. Kiangazi chetu kilikuwa kikavu. Tulitangulia kujipanga kundi, tukajisifu kwa hilo, kumbe kundi letu lilikuwa linatumia maji mara mbili ya kundi la watatu.

Kulikuwa na jambo la simu pia. Kwenye Bourgogne malango mengi hufunguliwa kwa mkono, na mlinzi wa malango hufuatana nawe kwa gari dogo au pikipiki kutoka lango hadi lango. Wakati wa kiangazi wengi wao ni wanafunzi. Jioni unamwambia kesho utaondoka saa ngapi, na asubuhi unamkuta. Sisi tulikuwa manahodha wanne, na siku ya pili usiku watatu kati yao walipiga simu, kila mmoja akataja saa yake. Binti aliyekuja saa tatu asubuhi alimkuta Mjerumani peke yake amewasha injini, mzee yuko duka la mikate, Mbelgiji bado anapiga mswaki. Alicheka. Siku ya nne hakucheka.

Wenyewe tunasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilitaka kuitumia methali hiyo mbele ya wazee wale, nikajizuia, maana haikuwa sawasawa. Kila chombo chetu kilikuwa na nahodha mmoja tu, hodari. Msafara ndio uliokosa nahodha.

Siku ya sita tulikuwa tunatoka Montbard kwenda Venarey, malango yasiyofika kumi. Nitaieleza kwa saa, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Saa tatu asubuhi tulianza. Lango la kwanza watatu, kisha Mwingereza. La pili hivyohivyo. Kila mara sisi tulitangulia na kumngoja juu, injini zikinguruma, tukishika nyasi za ukingoni. Saa sita kasoro dakika chache tulikuwa tumetoka lango la nne, na Mwingereza yuko chini yake. Saa sita walinzi hula chakula mpaka saa saba. Ni haki yao na kila msafiri anaijua. Mwingereza akaachwa kwenye kipande cha mfereji kisicho na mahali pa kufungia. Alijaribu kusogea ukingoni, maji yakawa machache, tezi, yaani nyuma ya boti, ikagusa tope. Akarudi nyuma kwa nguvu, majani ya majini yakajiviringisha kwenye rafadha.

Saa saba binti wa malango alirudi akatuuliza tunasubiri au tunaendelea. Mbelgiji akamjibu kwa Kifaransa safi, kwa nia njema kabisa: tupitishe sisi, yule wa nyuma atafuata akiwa tayari. Alidhani anampunguzia mtoto wa watu kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kamba mkononi, nikasikia, nikanyamaza. Nilikuwa mgeni, mdogo kwa umri kuliko wote, na nyumbani nimefundishwa kutowakata wazee kauli. Sijivunii hilo.

Tangu hapo mlinzi alikuwa wetu. Mwingereza alipomaliza kukata majani, kwa kisu, amelala kifudifudi juu ya kile kidirisha cha sakafuni ambacho boti zao wanacho juu ya rafadha, lango lilikuwa limejaa na hakuna mtu. Akapiga simu. Wakati huo ikashuka hoteli inayoelea, tishari la mita 38 lililojaa watalii, na vyombo vya abiria hupewa kipaumbele. Mlinzi wa pili alimfikia karibu saa kumi. Sisi saa hiyo tulikuwa tunawasha mkaa.

Asubuhi ya siku ya saba tulianza kupanda ngazi kubwa, ile ya malango zaidi ya 50 yaliyorundikana kati ya Venarey na Pouilly. Mezani kulikuwa kimya. Mzee akapiga simu, akaweka spika. Sauti ya Mwingereza ilikuwa tulivu: "Sijakasirika. Nimechoka kuwa wa nne." Alikuwa amempigia mlinzi usiku uleule na kuomba apande peke yake saa tatu kamili.

Kisha likatokea jambo lililonifunza kuliko maneno yote. Kabla ya saa sita tulipanda malango kumi na moja. Siku sita zilizopita hatukuwahi kufikisha malango hayo kwa siku nzima isipokuwa mara moja. Na Mwingereza peke yake, mbele yetu, alikuwa amepanda kumi na mawili. Tulimkuta ameegesha juu ya Pouillenay, mkewe anaanika nguo. Yaani kutengana kulikuwa kumempa kila mtu mwendo wake, na hasira ile ilikuwa imefanya kazi ambayo mkutano ungepaswa kuifanya Migennes.

Nilichora. Nilichukua daftari la mzee, sentimita moja kwa mita mbili, nikakata vipande vinne vya karatasi nikavisogeza ndani ya mstatili mbele yao wote wanane. Hakuna aliyebishana na karatasi. Mjerumani alipendekeza tupokezane: leo huyu awe wa nne, kesho yule. Linasikika kama haki, na wengi wangelikubali. Mimi nililipinga, na bado nalipinga. Kupokezana kunagawa manung'uniko sawasawa, lakini mwendo unabaki dakika 40 kwa lango na maji yanabaki mara mbili. Zaidi ya hayo wa nne siku zote yuko peke yake. Hana wa kumpokelea kamba juu ya ukuta, hana wa kumshikia boti akikwama topeni.

Tukakubaliana wawili wawili. Mzee na Mbelgiji kundi la kwanza, mita 26.7. Mwingereza na Mjerumani kundi la pili, tena ubavu kwa ubavu, kwa hiyo wawili hao walikuwa wanachukua mita 17.4 tu za kisima na kuacha zaidi ya mita 20 kwa mtu mwingine. Kundi la pili huondoka saa moja na nusu baada ya la kwanza, si dakika kumi. Kila kundi lina mtu mmoja wa kupiga simu, basi. Kukutana ni jioni. Langoni hakuna anayemsubiri mwenzake. Na mimi nikahamia kundi la pili, kwa kuwa mke wa Mbelgiji alikuwa na mikono ya kutosha kwa boti mbili.

Kwa nini saa moja na nusu? Hapa ndipo penye siri ambayo wasafiri wengi wa mifereji hawaioni. Kisima kilichojaa si hasara kama kuna mtu anayeshuka. Yeye anaingia juu, anashushwa, anatoka, na anakuachia kisima kitupu mlango wazi. Unaingia bila tone kumwagwa bure. Mkifuatana kwa dakika kumi, hapajatokea nafasi ya mtu kushuka katikati yenu. Mkiachana saa moja na nusu, kwenye mfereji wenye wasafiri wa pande zote mbili, mara nyingi mmoja atakuwa amepita. Tuliyahesabu: katika yale malango yaliyobaki hadi Pouilly, kundi la pili lilikuta kisima kitupu karibu nusu ya mara zote. Zile mita 20 nazo hazikukaa bure. Siku ya nane mlinzi alitutilia ndani familia ya Kifaransa iliyokodi boti, baba hajawahi kushika usukani maishani, watoto watatu wakipiga kelele kila maji yalipochemka. Mwingereza aliwafundisha kuzungusha kamba nguzoni na kuishika mkononi bila kuifunga. Sijamwona akifurahi vile tangu Migennes.

Pale Pouilly boti zote nne zilikuwa njiani pamoja kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, na huko umoja ulikuwa na maana. Kileleni mfereji unaingia ndani ya mlima kwa handaki la mita 3,333, lisilo na njia ya miguu ukingoni, jembamba, na mnaingia wa upande mmoja tu kwa wakati. Unavaa jaketi la kujiokoa na kuwasha taa. Zamani tishari zilipita hapo zikiwa zimefungwa mkia kwa mkia, zikivutwa na chombo kilichojikokota juu ya mnyororo uliolala chini ya maji, kwanza kwa mvuke, baadaye kwa umeme, mpaka mwaka 1987. Chombo hicho bado kipo pale bandarini, chini ya paa la mabomba ya karatasi ngumu lililobuniwa na msanifu wa Kijapani Shigeru Ban. Nilikizunguka mara mbili. Misafara ya watu wa kale haikuwa ya urafiki. Handaki ndilo lililowaunganisha, na upande wa pili kila mmoja alishika njia yake.

Tulipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, karibu dakika 50, taa ya Mbelgiji mbele na ya Mjerumani nyuma kabisa. Katikati injini ya mzee ilikohoa, ikanyamaza kidogo, ikawaka. Katika dakika ile sikutamani kuwa mwenye boti moja peke yake.

Kushuka upande wa Saône hakuna mengi ya kusimulia. Bonde la mto Ouche ni zuri, Dijon tulipumzika siku mbili, halafu kilomita 30 hivi za mfereji ulionyooka kama rula, za kuchosha. Tukio moja tu: chini ya Dijon, Mjerumani alifunga kamba kwa fundo badala ya kuishika, naye anashuka. Maji yakipungua boti inabaki inaning'inia ukutani. Ilikwisha lala upande sentimita kadhaa mke wa Mwingereza, aliyekuwa ubavuni mwake, alipopiga ukelele, mlinzi akafunga vilango vya chini na kurudisha maji. Angekuwa wa nyuma kati ya watatu, kama mwanzo, hakuna ambaye angeliona fundo lile mapema hivyo.

Kutoka Venarey hadi Saône tulitumia siku kumi na mbili, mapumziko yakiwemo, kwa malango zaidi ya 130. Kwa mwendo wa siku sita za kwanza tungetumia kama kumi na nne za kusafiri tu, na sidhani kama tungefika wote.

Saint-Jean-de-Losne ndipo walipoagana. Waingereza walielekea juu, upande wa Vosges, na Wajerumani wakaacha boti yao pale kwa fundi. Mzee na Mbelgiji walitaka kufika Chalon, nami nikarudi kwenye boti ya mzee. Lango la kwanza la Saône kutoka pale ni Seurre, na malango ya mto ule yalijengwa kwa ajili ya tishari kubwa: mita 185 kwa 12. Boti zetu zote nne zingeingia humo na kuacha nafasi ya nyingine ishirini. Tuliingia wawili peke yetu. Mbelgiji alikwenda mpaka mbele kabisa, omo, yaani pua ya boti, ikakaribia mlango, na mzee akanipigia kelele kutoka kwenye usukani nivute kamba, tumsogelee, tusiache pengo.